MADARAKA YA KUAZIMA SIKU ZA MPIRA



Mnajua nyote ya kuwa Kombe la Afrika la mwaka 2027 lilipewa Kenya, Uganda na Tanzania kulitayarisha pamoja. Sisi twapenda mpira kama watu wengine, na wengi wetu tulikuwa Kasarani mwezi wa Agosti 2025 katika mashindano ya CHAN. Lakini mashindano makubwa hayaji na mpira peke yake. Nchi nyingi zilizopata kazi hii ziliona polisi wao hawatoshi, zikaazima watu wa nje: askari wa kampuni, askari wa akiba, wanajeshi, hata polisi wa nchi nyingine. Watu hao hupewa, kwa majuma machache, kazi ambayo siku zote ni ya polisi, yaani kumsimamisha mtu, kumpekua, kumzuia na kumfukuza mahali. Twaona yafaa chama kiseme neno lake sasa, maana mpira ukisha kuanza hapatakuwa na mtu wa kusikiliza.

Hatusemi ya kwamba ulinzi hautakiwi. Tarehe 23 Oktoba 2010 watu saba walikufa katika msongamano wa uwanja wa Nyayo, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards. Walikwenda kutazama mpira, wakarudishwa kwao ndani ya majeneza. Na katika CHAN watu wasio na tikiti walipenya mageti ya Kasarani, hata CAF ikapunguza watazamaji hadi 27,000 katika uwanja ambao huchukua watu wengi kuliko hao. Kwa hivyo mtu akisema walinzi waongezwe, hatumpingi.

Tunalopinga ni fikira ya kuwa mageti hushindwa kwa sababu mlinzi hana madaraka ya kutosha. Madaraka anayo. Sheria ya mwaka 2016 ya walinzi wa kampuni imemruhusu soja kumpekua mtu mlangoni na kumtaka kitambulisho. Tena sheria ya mashtaka inamruhusu raia yeyote, hata wewe usomaye karatasi hii, kumkamata mtu anayefanya kosa kubwa mbele ya macho yake, mradi amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Basi soja amepungukiwa na nini? Amepungukiwa na mshahara, na mafunzo, na mkubwa wa kujibu kwa niaba yake. Tutazame yaliyotokea kwa wenzetu.

Afrika ya Kusini iliandaa Kombe la Dunia mwaka 2010. Kazi ya kushika mageti na kuongoza watazamaji ndani ya viwanja ilitolewa kwa kampuni, na kampuni ikaajiri vijana kwa kibarua cha siku. Tarehe 13 Juni, Ujerumani ilicheza na Australia mjini Durban. Mpira ulipokwisha vijana hao walipanga mstari kupokea malipo yao. Walisema waliahidiwa randi 1,500, na sasa wanapewa randi 190. Wakakataa kuondoka. Polisi wakaitwa, wakawatawanya kwa moshi wa machozi na risasi za raba, pale pale penye uwanja waliokuwa wakiulinda jioni ile.

Fikirini habari hii vizuri, ndugu. Saa mbili za usiku kijana huyu alikuwa mkono wa Serikali. Alikuwa na fulana ya kazi, akiwapekua matajiri kutoka Ulaya, na wote wakimtii. Kabla ya kulala amekuwa mhalifu, kwa sababu ameuliza fedha zake. Mgomo ukaenea hadi Cape Town na Johannesburg, na polisi wakashika ulinzi wa ndani wa viwanja vinne. Polisi ambao hapo kwanza hawakutosha walipatikana mara moja. Sisi twauliza kwa nini hawakupatikana tangu mwanzo, na kama tofauti ya randi 190 na randi 1,500 ilikuwa kubwa kuliko gharama ya kupeleka polisi katika miji mitatu kwa haraka namna hiyo.

Mtu atasema hiyo ni Afrika, mambo yetu ni ya kubahatisha. Haya, twende London. Olimpiki ya 2012 ilikuwa ifunguliwe tarehe 27 Julai. Kampuni ya G4S, ambayo magari yake twayaona hapa Nairobi kila siku, ilikuwa na mkataba wa kutoa walinzi 10,400. Majuma mawili hivi kabla ya kufunguliwa ikasema haiwezi kuwafikisha wote. Serikali ya Uingereza ikaita wanajeshi 3,500 zaidi, baadhi yao wakiwa wamepangiwa likizo. Mkubwa wa kampuni alisimama mbele ya wabunge, akakubali ya kuwa jambo lile lilikuwa aibu. Huko nako hapakuwa na upungufu wa madaraka. Watu hawakuajiriwa mapema, hawakufundishwa kwa wakati, wengine hawakujua watafanya kazi wapi wala siku gani. Mwajiri akidhani ulinzi ni kazi ya kuokota watu dakika ya mwisho, hata fedha za Uingereza hazimsaidii.

Hapa kwetu mapema mwaka 2024 mamlaka inayosimamia walinzi ilitangaza ya kuwa soja asilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Wenye makampuni walikwenda kortini na amri ile ikasimamishwa. Watu hawa hawa ndio watakaoomba mikataba ya viwanjani. Je, watamlipa nini kijana wa siku moja, ikiwa yule wa miaka kumi wanamfikisha kortini?

Sasa tuje kwa wachuuzi, maana wanachama wetu wengi wake zao huuza chai, mayai na bendera nje ya viwanja, na mapato hayo ndiyo ada ya shule. Yafaa wajue ya kuwa madaraka ya kuazima si mara zote hutolewa kwa kulinda roho za watu. Mara nyingine hutolewa kulinda mali ya wenye kutoa matangazo. Sheria ya Uingereza ya 2006 iliyotungwa kwa ajili ya Olimpiki iliruhusu maofisa wasio polisi, walioteuliwa na halmashauri ya Olimpiki, kuingia mahali na kuondoa matangazo na biashara zisizo na kibali karibu na viwanja, hata kwa nguvu ya kadiri. Nyumba ya kukaa mtu, walau, ilitakiwa hati ya korti. Na Johannesburg mwaka 2010 wanawake 36 waliovaa nguo fupi za rangi ya machungwa walitolewa uwanjani katika mchezo wa Uholanzi na Denmark, kwa sababu nguo hizo zilitoka kwa kampuni ya bia ambayo haikuwa imelipa FIFA. Wawili walishtakiwa kortini, baadaye kesi ikaondolewa. Ikiwa mwanamke wa Kizungu aliyekata tikiti aliweza kushtakiwa kwa ajili ya gauni, mama wa chai wa Kasarani asitegemee huruma. Yeye amekwisha kuzoea askari wa kanjo. Asiongezewe kanjo wa pili, asiye na namba, ambaye baada ya mwezi mmoja hatamwona tena wala hatajua pa kumshtaki.

Polisi wa nchi nyingine ni jambo lingine, na hapa hatuna ugomvi mkubwa. Ufaransa ilipata polisi wa kigeni kutoka nchi zaidi ya 40 katika Olimpiki ya 2024, nao walitembea pamoja na polisi wa Kifaransa. Huko Ulaya ni desturi sasa kila timu kusafiri na polisi wachache wa kwao, wanaojua nyimbo za washabiki wao, nani mlevi tu na nani mgomvi wa kweli. Polisi wa Tanzania akija Nairobi namna hiyo, akazungumza na watu wake kwa upole kabla ya fujo kuanza, atatuokoa na virungu vingi. Tunamkaribisha. Lakini asimkamate mtu, wala asichukue bunduki, na kando yake awepo askari wa Kenya ambaye ndiye mwenye kuamuru.

Yaliyofanyika Qatar hatuyataki. Januari 2022 Uturuki ilitangaza ya kuwa itapeleka huko askari zaidi ya 3,000, wengi wao wakiwa wa kuzima fujo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule wafanya kazi wa kigeni waliokuwa hawajalipwa kwa miezi walizuia njia mjini Doha, na serikali ya huko ilikubali ya kuwa baadhi yao walikamatwa. Wakenya walikuwako Qatar kwa maelfu, wengi kama masoja. Mmoja wao aliandika juu ya maisha ya kambini, akakamatwa Mei 2021, akafungiwa karibu mwezi mzima, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Alikuwa mlinzi, na kosa lake lilikuwa kusema. Nchi isiyopenda kusikia mfanya kazi akisema, ukiiongezea askari wa kigeni wasioelewa hata lugha ya mtu anayelia, wamuonee aibu nani?

Tena kuna habari ya muda. Wazee wetu wakumbuka siku za Emajensi, 1952 hadi 1960, jinsi masetla walivyovishwa magwanda ya polisi wa akiba na Homgadi wakapewa silaha, yote yakiitwa ya muda. Hatulinganishi mpira na vita vile. Twasema tu ya kwamba neno "muda" lina tabia ya kunyooka kama raba. Ufaransa ilitunga sheria Mei 2023 kuruhusu mitambo ya kompyuta kuchungulia watu kupitia kamera za Olimpiki. Michezo ilikwisha Septemba 2024, lakini ruhusa ilikuwa hadi mwisho wa Machi 2025, na kabla ya siku hiyo kufika wabunge walikuwa wamekwisha kupiga kura kuiongeza, hata Baraza la Katiba likaifuta kura yao. Kamera haina tumbo wala haidai malipo, na bado kuiondoa ni kazi. Je, mtu aliyezoea kuogopwa?

Kwa hivyo chama kinataka haya, na tumekwisha kuanza kuyasema kwa wenzetu wa vyama vingine. Kila anayeshika geti awe na namba kubwa kifuani. Sheria ya polisi ya 2011 inamtaka askari aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake, na hatuoni kwa nini soja wa kuazima asifanye vile vile. Kila geti liwe chini ya ofisa mmoja wa polisi wa Kenya, jina lake lijulikane, na soja akimzuia mtu amkabidhi kwa ofisa huyo papo hapo. Katiba yampa aliyekamatwa haki ya kuambiwa sababu na kufikishwa kortini katika saa 24, na saa hizo zihesabiwe tangu soja alipomshika mkono, si tangu alipofika kituoni. IPOA iliundwa kuchunguza polisi. Basi iandikwe katika sheria ya kuwa yeyote anayepewa kazi ya polisi, hata kwa siku moja, naye atachunguzwa na IPOA. Madaraka yakome siku ya mchezo wa mwisho bila nyongeza.

Na juu ya mgomo hatuna maneno mengi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa mfanya kazi haki ya kugoma. Mtu aliyeazimwa kwa ajili ya mpira asitumwe kuvunja mgomo wa mtu yeyote, awe mjenzi wa uwanja, dereva wa basi, mpishi wa hoteli au soja mwenzake. Sharti hili ndilo mabwana watakalolikataa kwanza, na ndilo tusilolitoa.

Mambo ya malipo ni yenu, wanachama, zaidi ya Serikali. Mashindano yakikaribia, mawakala watakuja mitaani wakitafuta vijana wa kazi ya siku, na wengi wenu mtakwenda au watoto wenu watakwenda. Hatuwakatazi, fedha zinatakiwa nyumbani. Lakini msikubali ahadi ya mdomo kama vijana wa Durban. Takeni karatasi inayoonyesha malipo ya siku, saa za kazi, nauli ya usiku, siku za mafunzo zinazolipwa, na nani atakayelipa hospitali ukiumia getini. Kabla ya kutia sahihi, leteni karatasi hiyo ofisini kwa katibu wa tawi. Itasomwa bure, na nakala itawekwa. Asiyepewa karatasi alete jina la wakala na namba ya gari lake.