Mpeni mhudumu kiti kwenye kamati ya klabu

Rafiki zangu kadhaa wa Migori na Homa Bay wanataka kuanzisha klabu ya wanachama. Wamo wanakandarasi, madaktari wawili na mwalimu mkuu mstaafu. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, miji yetu imepata watu wenye pesa za kutosha, na wenye sababu za kutosha za kutotaka kunywea mahali ambapo kila mpita njia anawaona. Sina neno na hilo. Waliniita kwa kuwa nilifanya kazi ya baa katika klabu ya namna hiyo kwa miaka mingi, mbali na huku, kabla sijarudi kwetu Karungu. Walitaka niwaambie friji ziwe ngapi na kaunta ielekee wapi. Kisha wakanionyesha rasimu ya katiba.

Rasimu hiyo imekwenda kwa kina juu ya kola za shati, kandambili, simu kwenye chumba cha kulia, wageni na watoto wa wanachama. Wafanyakazi wametajwa mara moja tu: mwanachama haruhusiwi kuwapa bakshishi.

Asiyewahi kufanya kazi klabuni huenda asione shida iko wapi. Hoteli ina mwenyewe. Mteja akikutukana hotelini, unamwita meneja, na meneja akiwa mtu wa haki anaweza kumwambia mteja atafute pengine pa kulia. Klabuni mteja ndiye mwenye nyumba. Wakiwa mia tano, wote mia tano wanasema "klabu yangu", na hakuna anayesema uongo. Meneja mwenyewe ameajiriwa nao. Kamati hubadilika kwenye mkutano mkuu wa mwaka, kwa hiyo kile mwenyekiti wa mwaka huu alichokuagiza, wa mwaka ujao anaweza kukufukuzia.

Chukua mambo ya chiti. Katika klabu nyingi za zamani hakuna pesa taslimu kwenye kaunta. Mwanachama anakunywa, anasaini chiti, deni linaingia kwenye akaunti yake, analipa mwisho wa mwezi. Weita mzuri anazijua namba za uanachama kwa kichwa, na anajua nani anataka barafu na nani ataikataa. Sasa mwanachama huyo ainuke saa sita usiku, ameshiba gumzo, aende zake bila kusaini. Asubuhi mhasibu hamtafuti yeye, maana nani atathubutu kumpigia simu Mheshimiwa kwa sababu ya wiski mbili? Anatafutwa weita. Mimi nimelipia vinywaji vya watu wenye magari ambayo mshahara wangu wa miaka kumi usingeyanunua. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu mshahara kukatwa kwa hasara iliyotokana na makusudi, uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi. Usahaulifu wa mwanachama hakiutaji popote. Lakini chumbani kwa mhasibu, saa mbili asubuhi, nani alikuwa na sheria mfukoni?

Halafu kulikuwa na kitabu cha malalamiko, kimewekwa ukumbini na kalamu yake imefungwa kwa uzi. "Supu ilikuwa baridi." "Kijana wa baa alinijibu kwa dharau." (Kijana huyo alikuwa mimi, na kichwa changu kilikuwa kimeshaota mvi.) Kamati ilikisoma kila mwezi, na jina lako likitokea humo unaitwa. Kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinataka mfanyakazi anayekusudiwa kufutwa kwa utovu wa nidhamu aelezwe kosa na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wengi wetu hatukulijua hilo mpaka walipokuja watu wa KUDHEIHA, chama kinachosimamia wafanyakazi wa hoteli, hospitali, shule na majumbani. Kitabu cha malalamiko ya wafanyakazi hakikuwapo.

Tabia hii ya kutomhesabu mhudumu ina mizizi mirefu. Klabu ya Mombasa ilianza 1897, ya Nairobi 1901, Muthaiga 1913, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba trei. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko hapa kwetu Rusinga, alisimulia jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini kwake na chupa ya maziwa ya kupimwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mboya akiwa mkaguzi wa afya wa jiji la Nairobi. Mama yule alitazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu. Mboya akamuuliza kama macho yake yana hitilafu. Wenye klabu leo ni sisi wenyewe, watu weusi wa Rongo, Ndhiwa na Kendu Bay, na bado nimewaona wanachama wakizungumzia talaka zao, tenda zao na magonjwa yao mbele ya mhudumu kama vile wanaongea mbele ya kabati.

Nitawatendea haki: nilipata pia mwenyekiti mmoja wa maana. Usiku mmoja alipitia mlango wa jikoni badala ya ule wa mbele, akaomba apakuliwe chakula cha wafanyakazi. Akapewa ugali na sukuma iliyochemka hadi ikapoteza rangi, ile tuliyokuwa tukila kila siku huku tukipitisha nyama choma juu ya vichwa vyetu. Alikula yote, hakusema kitu. Wiki iliyofuata tukaona maharagwe, kisha nyama siku ya Ijumaa, kisha gari la kuturudisha nyumbani baada ya saa sita usiku, maana awali tulilala chumba cha kufulia juu ya vitambaa vya meza. Muda wake ulipokwisha, akaja mwingine aliyetaka kubana matumizi. Gari likaondoka kwanza, nyama ikafuata.

Ndiyo maana sitaki kuambiwa kwamba mwenyekiti mtarajiwa wa klabu hii ni mtu mwema. Namjua, ni mwema kweli. Ninachotaka ni kiti.

Wala hakuna haja ya kwenda Ujerumani, ambako kampuni kubwa zimewekewa wafanyakazi kwenye bodi kwa sheria, ili kujifunza hili. Wenzangu washuke tu hadi fuo za Sori, Muhuru Bay au Mbita. Kanuni za BMU za mwaka 2007, zilizotungwa kuongoza vikundi vya usimamizi wa fuo, ziligawa viti vya kamati kwa mafungu: asilimia 30 kwa wenye mashua, asilimia 30 kwa mabaria wanaovua kwa mashua hizo, wachuuzi wa samaki wapate chao na wadau wengine chao, na wanawake wasipungue watatu. Baria, ambaye hamiliki hata kasia, anakaa benchi moja na tajiri wake wakijadili nyavu haramu na pesa za ufuo. Sisemi ufuo ni peponi. Wenye mashua wana sauti kubwa, na baria huwafuata samaki mpaka kisiwa cha Remba, akarudi mkutano umeshapita. Lakini nimemsikia baria wa omena akiuliza, hesabu ikiwa wazi mbele ya watu wote, kwa nini petroli ya wiki ile iliandikwa mara mbili. Katika miaka yangu yote ya klabu sikumsikia weita akiuliza swali kama hilo na kesho yake akarudi kazini.

Nilipowaeleza wenzangu, daktari mmoja alisema mhudumu kwenye kamati atajua siri za wanachama, nani ana deni na nani amesimamishwa. Omera, ndugu yangu, nilimwambia, nani anayebeba chiti? Mhudumu anajua deni lako kabla mkeo hajalijua. Mwanakandarasi mmoja akauliza nani atamkemea mhudumu huyo akikosa. Atakemewa na meneja, kama wengine, kwa utaratibu ulioandikwa.

Ombi langu kwa wenye rasimu ni hili. Viti viwili vya wafanyakazi kwenye kamati kuu, kimoja cha jikoni na kimoja cha ukumbini, vyenye kura. Wachaguliwe na wenzao kwa kura ya siri, meneja akiwa nje ya chumba, kwa muda usiofanana na wa mwenyekiti ili wasiondoke naye. Vibarua nao wapige kura, maana najua jinsi mtu anavyoitwa kibarua mwaka mzima. Chiti isiyosainiwa idaiwe kwa mwenye namba. Na mfuko wa Krismasi wa wafanyakazi, ule unaochangwa badala ya bakshishi, hesabu yake ibandikwe jikoni, kila jina na kiasi chake, kabla ya tarehe 20 Desemba.