Majira Yana Ratiba, Mipaka Haina



Mwezi uliopita vijana watatu waliomaliza mwaka wa sita wa sekondari walinijia nyumbani, hapa Gisenyi, wakiwa na daftari lenye jalada la buluu. Ndani yake mlikuwa na safari nzima: kutoka ufuko wa Ziwa Kivu hadi Dar es Salaam kwa baiskeli, takriban kilomita 1,600, siku 16, kilomita 100 kila siku. Tarehe ya kuondoka ilikuwa 15 Machi. Mmoja wao alikuwa amesoma mashauri ya waendesha baiskeli wa Ulaya, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda hoja: "Mwalimu, wao huogopa majira ya baridi. Sisi hatuna theluji. Basi si tunaweza kuondoka siku yoyote tunayotaka?"

Nililisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Lilikuwa na idadi ya viraka, tyubu, spoku na mikate. Lilikuwa na jina la kila mji wa kulala. Neno "mvua" halikuwamo. Neno "mpaka" lilikuwamo mara nyingi, lakini kila mara kwa maana ya "hadi": kutoka Kigali mpaka Kayonza, kutoka Kahama mpaka Nzega. Ule mpaka mwingine, wenye kizuizi, afisa na muhuri, haukuwa na mstari hata mmoja.

Nakuandikia wewe kwa sababu nadhani daftari lako lingefanana na lao. Nina maoni juu ya jambo hili, nami nitayasema wazi: anayepanga safari ndefu katika nchi zetu aanze na mpaka, afuatishe majira, na baiskeli aiweke mwisho. Wengi wetu hupanga kinyume.

Tuanze na lile swali la theluji, maana ni swali la haki. Msafiri wa Ulaya anayeelekea Asia ya Kati kwa baiskeli huhesabu siku zake kwa kurudi nyuma. Barabara ya Pamir nchini Tajikistan hupanda zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, na theluji ikimkuta huko hana pa kukimbilia. Kwa hiyo huanza na siku ambayo lazima awe amekwisha kushuka mlimani, kisha hurudi hesabu mpaka mlangoni kwake. Hiyo ndiyo hekima ya kuiga. Theluji yenyewe waachie wao. Sisi tuna yetu.

Mababu zetu waliyapa majira majina kwa sababu waliyategemea. Kinyarwanda kina urugaryi, itumba, impeshyi na umuhindo. Kiswahili cha pwani kina masika na vuli kwa mvua, kiangazi kwa jua, kipupwe kwa ubaridi wa katikati ya mwaka, kisha kaskazi na kusi kwa pepo. Itumba yetu huangukia Machi hadi Mei, na masika ya Dar es Salaam huangukia miezi hiyohiyo. Vijana wangu walikuwa wamechagua kuondoka siku ambayo mvua ingewapokea nyumbani na kuwangojea waendako.

Je, unakumbuka usiku wa kuamkia 3 Mei 2023? Mto Sebeya ulifurika hapa Rubavu, milima ikaporomoka katika Mkoa wa Magharibi na wa Kaskazini, na watu zaidi ya 130 wakafariki katika usiku mmoja. Barabara kadhaa zilikatika. Sitaki kuitumia misiba ya majirani zetu kama mfano wa darasani tu. Baadhi yenu mlilala shuleni wiki zile kwa kuwa nyumba hazikuwapo tena. Nasema tu kwamba mtu akikwambia nchi yetu haina majira ya kuogopwa, mkumbushe Sebeya.

Na hata isipofika kwenye msiba, mvua humla mwendesha baiskeli polepole. Kutoka hapa ziwani, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, barabara ya kwenda Musanze hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 kabla ya kushuka. Mteremko ukiwa umelowa, mpira wa breki huisha upesi ajabu. Ukivuka Tanzania, baina ya Igunga na mlima Sekenke kuna tambarare ya Wembere, ambayo mvua huigeuza bwawa pande zote mbili za barabara. Huko hakuna pa kupiga hema.

Miezi inayofaa, basi, ni Juni hadi Septemba, nayo kwa bahati njema ndiyo yenye likizo yetu ndefu. Hata hivyo hakuna msimu usiodai kodi yake. Katika miezi hiyo hiyo kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na barabara ya kutoka Kahama kupitia Singida na Dodoma huelekea huko huko kusini-mashariki. Utakanyaga pedali siku nyingi huku upepo ukikusukuma kifuani, na kilomita 100 za kwenye daftari zitakuwa 70. Mimi ningechagua upepo kuliko tope. Lakini nisingeandika siku 16. Ningeandika 24, na siku tatu kati ya hizo zingekuwa za kulala tu.

Hayo ndiyo majira. Yanaweza kukuumiza, ila yana ratiba, na ukimwuliza mkulima yeyote wa viazi wa Nyabihu atakwambia lini yanafika. Sasa njoo kwenye mpaka.

Mwaka 2019 mimi na walimu wenzangu wawili tulipanga kwenda Kampala kwa baiskeli, kupitia Cyanika, Kisoro na Kabale. Tulijiona wajuzi, maana tulikuwa tumeihesabu mvua. Tungeondoka Julai. Tulinunua tairi mpya, tukajizoeza kila Jumamosi kwenye mlima wa Rugerero. Mwishoni mwa Februari mpaka wa Gatuna ukafungwa, na sisi raia tukashauriwa na serikali yetu kutokwenda Uganda. Tulisema ni jambo la wiki chache. Gatuna ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022.

Mmoja wetu alileta wazo la njia ya panya. Alimjua mtu, na mtu huyo alijua kilima ambacho usiku hakina doria. Nakiri kwamba nililifikiria wazo hilo kwa siku mbili nzima, nami nilikuwa mwalimu mwenye vitabu vya uraia mezani. Hesabu ndiyo iliyonizindua. Atakayevuka bila muhuri hana siku ya kuingia nchini, na asiye na siku ya kuingia hawezi kutoka kwa heshima, wala kuripoti akiibiwa, wala kulazwa hospitali bila maswali. Katika miaka ile wapo waliopigwa risasi wakivuka kwa magendo kwenye mpaka huo. Baiskeli yangu haikuwa na thamani hiyo. Tulikwenda Rusizi badala yake, kwa njia ya kando ya ziwa inayoitwa Congo Nile Trail, kilomita 227 ndani ya nchi yetu wenyewe. Ilikuwa safari nzuri. Lakini haikuwa Kampala.

Hesabu nawe, msomaji. Rwanda ina majirani wanne. Uganda nimekueleza. Burundi ilifunga mipaka yake nasi Januari 2024, na njia ya kwenda Kigoma kupitia Bujumbura ikafutika kwenye ramani zetu. Kongo iko hapa mtaani kwetu. Tunasikia muziki wa Goma jioni, na tumewaona watu wa mji ule wakisukuma chukudu zao za mbao tangu tulipokuwa watoto. Mpaka huo ulifungwa kwa saa kadhaa 1 Agosti 2019 kwa hofu ya Ebola, ukafungwa tena mwaka 2020 kwa Korona, na Januari 2025 vita vilipofika Goma, makombora na risasi viliangukia mitaa yetu na kuua watu. Tanzania peke yake ndiyo iliyobaki kuwa njia ya kutegemewa, na hata huko, mwaka 2020, kwa miezi mingi walipita madereva wa malori tu.

Kwa hiyo nikisema uanze na mpaka, sisemi uanze na karatasi peke yake, ingawa karatasi zina kazi. Tangu 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanaweza kuvuka baina ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Mnyarwanda haombi viza kuingia Tanzania, lakini pale Rusumo ataulizwa pasipoti au hati nyingine halali ya kusafiria. Kati ya vijana wangu watatu, mmoja alikuwa na pasipoti, wa pili alidhani kitambulisho kinatosha, wa tatu hakuwa amewahi kuliwaza jambo hilo. Wangefika darajani Rusumo, baada ya zaidi ya kilomita 300, wakiwa watatu, angevuka mmoja.

Kuna jambo la pili, dogo, ambalo nalipenda kwa kuwa hakuna daftari linaloliandika. Sisi huendesha upande wa kulia, Watanzania huendesha upande wa kushoto. Pale Rusumo magari hubadilishana pande. Siku ya kwanza utakumbuka. Hatari iko asubuhi ya pili, ukitoka nyumba ya wageni ukiwa na usingizi na barabara haina mtu, mwili utakupeleka kulia wenyewe, mpaka lori litakapotokea. Sogeza na saa yako mbele kwa saa moja. Jua halitabadilika, ila ofisi na mabasi yatakuwa yamekutangulia.

Jambo la tatu ndilo zito, na ndilo linaloniudhi katika namna tunavyofundisha uraia. Tunawakaririsha wanafunzi kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inayoahidi watu kusafiri kwa uhuru. Wanajibu mtihani, wanapata alama. Hatuwaambii sentensi inayofuata: kwamba itifaki hiyohiyo inaziruhusu nchi kuuwekea mipaka uhuru huo kwa sababu za usalama, afya na utulivu wa umma. Mwanafunzi hukua akiamini mpaka wazi ni kama jua la asubuhi. Kumbe ni makubaliano ya watu, na watu hukosana.

Mtu anaweza kunijibu kwamba haya ni mambo ya wakubwa, kijana mwenye baiskeli hana sauti. Sikubaliani naye. Serikali ikifunga mpaka huwa na sababu, na mara nyingine sababu hiyo ni ya kweli kabisa; nani angependa Ebola ivuke kwa sababu ya ratiba yangu? Ninachodai ni kwamba raia aambiwe: umefungwa tangu lini, kwa nani, kwa sababu gani, na taarifa ya kufunguliwa aitafute wapi. Na wewe raia una wajibu wa kuuliza mahali panapostahili. Wanafunzi wangu walikuwa wamepata habari zao za Rusumo katika kundi la WhatsApp, kwa mtu ambaye shangazi yake alipita pale zamani. Niliwaambia waandike barua kwa ofisi ya uhamiaji, kwa Kiswahili sanifu, yenye maswali manne tu. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Tukitumie kwa kazi rasmi, tusikiachie nyimbo na soko.

Waliiandika mezani kwangu. Rasimu ya kwanza ilianza kwa "Mambo vipi". Tukaifuta. Ya pili ilisema "tunataka kujua", nami nikawaeleza kwamba barua rasmi huomba, haitaki. Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko insha yoyote waliyowahi kunikabidhi darasani, kwa sababu safari hii walihitaji jibu.

Daftari la buluu sasa limebadilika. Ukurasa wa kwanza una safu tatu: hati, mvua, mpaka. Tarehe ya kuondoka imeandikwa kwa penseli, wiki ya pili ya Julai. Yule wa tatu amekwisha kuomba pasipoti kupitia Irembo na anangoja. Isipotoka kwa wakati, wenzake wamesema hawatamwacha. Watashika njia ya ziwa hadi Rusizi na kurudi, kisha watatazama tena kalenda kabla umuhindo haujaanza. Mimi nimewaazima pampu yangu ya mwaka 2019. Bado inasukuma upepo.