Besi ya Kale Haikupi Sikio

Jumamosi usiku, katika kipindi cha zilipendwa, mtangazaji mmoja wa redio alimkaribisha studioni bwana anayekusanya magitaa ya zamani. Mazungumzo yakafika kwenye besi zisizo na freti, zile ambazo shingo haina vile vyuma vyembamba vya kukingama na kidole kinabana uzi moja kwa moja kwenye ubao. Bwana yule akatoa hukumu: sauti ya kweli ya besi hizo imo kwenye magitaa ya miaka ya sitini na sabini peke yake, na haya yanayotoka viwandani leo ni kuni. Mtangazaji, ambaye naapa hajawahi kukaza kitu zaidi ya kamba za viatu vyake, akaitikia kwa unyenyekevu kwamba ya kale ni dhahabu.

Nimechoka na dhahabu hiyo. Nimeisikia mazoezini, kwenye kumbi za dansi, hata kwa mpiga ngoma mmoja ambaye hajui besi ina nyuzi ngapi. Kila anayeitaja huinua macho juu kama anayeomba dua. Basi nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka nijibiwe: siku zilipopigwa rekodi hizo mnazozililia, gitaa lilikuwa na umri gani?

Tuanze na mfalme wao, Jaco Pastorius. Albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake, ilitoka mwaka 1976. Mwaka huohuo alipiga kwenye Hejira ya Joni Mitchell, akajiunga na Weather Report, na mwaka 1977 wakatoa Heavy Weather. Gitaa lake maarufu lilikuwa Fender Jazz Bass ya mwaka 1962. Fanyeni hesabu. Miaka 14! Huo ni mtumba, ndugu zangu. Kijana wa Fort Lauderdale, Florida, alishika mtumba akaufanyia kazi mpaka dunia ikageuka kumtazama.

Twende kwa Pino Palladino. Besi ile inayolia kama mtu kwenye wimbo wa Paul Young, Wherever I Lay My Hat, uliofika nambari moja Uingereza mwaka 1983, ni Music Man StingRay ya mwaka 1979. Miaka minne. Rick Danko wa The Band naye alipiga Ampeg, kampuni iliyotangulia kuuza besi ya umeme isiyo na freti mwaka 1966, huku Fender wenyewe wakizinduka na Precision yao mwaka 1970. Danko alipopanda nayo jukwaani mwanzoni mwa miaka ya sabini, hakuna aliyemwambia ana kitu cha kale. Alikuwa na gitaa la kisasa, basi.

Halafu kuna Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, na hapa ndipo wakusanyaji huanza kukohoa. Graceland ya Paul Simon, mwaka 1986, imejaa besi yake isiyo na freti. Alipiga Washburn, gitaa ambalo yule bwana wa redioni asingelitundika hata kwenye ukuta wa stoo. Kile kipande cha besi kinachochomoka ghafla kwenye You Can Call Me Al, nusu yake ya kwanza aliipiga kwa vidole, nusu ya pili ni mkanda uleule umegeuzwa kinyumenyume. Dunia nzima ilikicheza. Hakuna aliyeuliza mbao ilikatwa mwaka gani.

Na tukitaka kwenda nyuma zaidi, tunamkuta Bill Wyman wa Rolling Stones. Mwaka 1961 alikuwa na besi ya bei ya chini ambayo freti zake zimechakaa. Akazing'oa kwa nia ya kuweka mpya. Alipoipiga ikiwa hivyo, akaipenda, freti mpya akazisahau. Hicho ndicho chanzo cha utukufu wote huu: gitaa bovu na mtu asiye na fedha za kununua zuri.

Sasa tazameni vituko vya dini hii. Januari 1965 kampuni ya Fender iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Kwa wakusanyaji, gitaa lililotengenezwa kabla ya tarehe hiyo ni takatifu, la baadaye lina walakini. Jazz Bass ya 1962 ambayo haijaguswa leo hupita dola 10,000. Na nini kinaporomosha bei yake? Kung'oa freti! Simulizi maarufu inasema freti za gitaa la Jaco ziliondolewa kwa kisu cha siagi; ni nani hasa aliyekishika hicho kisu, wanabishana mpaka leo. Mianya ikazibwa, ubao ukapakwa epoksi ya mafundi mashua. Mtu akifanya hivyo leo kwa gitaa la mwaka uleule, wakusanyaji watamlilia kama aliyebomoa msikiti wa Kilwa Kisiwani. Kama Jaco angekuwa muumini wa imani hii inayotumia jina lake, asingethubutu kuligusa gitaa lile, na sisi tusingemjua.

Lenyewe hilo gitaa, mnajua lilipitia nini? Katikati ya miaka ya themanini lilivunjika vipande vipande, mafundi Kevin Kaufman na Jim Hamilton wakaviunga kwa gundi. Mwaka 1986 likaibwa New York. Likaonekana tena baada ya takriban miaka 20, na Robert Trujillo wa Metallica akasaidia kulikomboa. Basi niambieni: katika gundi ile yote, roho ya mbao ilikaa upande gani?

Watajibu, kama wanavyojibu siku zote, kwamba mbao ikikaa miaka mingi hukauka na sauti "hufunguka". Haya! Zanzibar, Mji Mkongwe, kuna milango iliyokauka tangu enzi za masultani. Ing'oeni, ifungeni nyuzi nne, tutapata akina Jaco wa kutosha kujaza Ngome Kongwe. Hili ni gitaa la umeme, jamani. Kinachosikika kwenye spika ni uzi wa chuma unaotikisika juu ya sumaku.

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wa magitaa haya hawalitaji. Ile sauti ya kunung'unika ya besi isiyo na freti inazaliwa pale uzi unapogonga na kusugua ubao wa shingo. Sasa ni sehemu gani ya gitaa inayoliwa na miaka kuliko nyingine zote? Ubao huohuo. Bwana mmoja aliwahi kuniruhusu kushika Precision yake ya miaka ya sabini, baada ya kuniamuru nioshe mikono. Chini ya uzi mwembamba kulikuwa na mfereji. Nilipitisha ukucha, ukazama. Nyuzi za chuma zilizosokotwa zilikuwa zimeitafuna mbao ile kidogo kidogo. Nilipobana pale kwenye mfereji, sauti ikatoka na mkwaruzo wa bati. Nikamuuliza kwa nini asimpelekee fundi aupige randa ukae sawa. Alinitazama kana kwamba nimependekeza amkate mtoto masikio. Akasema thamani itashuka. Kwa hiyo gitaa limebaki bovu ili liendelee kuwa ghali, na mwenyewe anaita hiyo kuheshimu muziki.

Na maadamu tumezungumzia mbao, nitoe la moyoni. Magitaa hayo ya kabla ya 1965 mengi yana ubao wa roswudi ya Brazili, mti ambao biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 1992. Mpingo wetu wa Kilwa ni wa ukoo huohuo, na ni mgumu kuliko huo. Unasafirishwa Ulaya, unakuwa klarineti na oboe, nasi tunaishia kuchonga vinyago vya watalii. Kijana wa Tandale akiagiza gitaa jipya la kawaida, ushuru wa bandarini unamkata miguu. Kisha harusini anakuta mpiga kinanda anabonyeza besi kwa mkono wa kushoto, na bendi nzima imekuwa mtu mmoja na flashi. Hayo ndiyo ya kulilia redioni. Lakini hapana, tunajadili mwaka wa kuzaliwa wa ubao.

Madhara ya imani hii nimeyaona kwa vijana. Anataka kujifunza besi isiyo na freti, anaambiwa bila la zamani asijisumbue. Anaanza kuweka akiba ya ndoto, miaka inapita, vidole vinaganda. Ilhali kinachohitajika hakiuzwi mnadani. Kwenye besi ya kawaida ya umeme, nusu sauti ya kwanza karibu na kichwa cha gitaa ina upana wa karibu sentimita tano. Ukifika katikati ya uzi, inapungua nusu. Kidole lazima kitue palepale ambapo freti ingekuwa, si nyuma yake. Kikikosea milimita chache, ukumbi mzima unakunja uso. Hakuna mbao iliyozeeka itakayokusogezea kidole. Ni sikio, na sikio linanolewa kwa kupiga kila siku.

Na watu wa pwani tusijifanye tumelishwa jambo geni. Udi hauna freti. Fidla haina freti. Dabo besi inayobeba taarabu ya Unguja haina freti. Katika chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanza Zanzibar mwaka 2002, watoto wanafundishwa udi na wanazipata zile sauti zinazojificha kati ya noti na noti. Sijasikia mwalimu akimwambia mtoto wa hapo akatafute kwanza udi wa babu yake, ndipo masomo yaanze.

Kwa hiyo kijana, nisikilize mimi, uache redio. Tafuta besi ya mtumba ya kampuni yoyote ambayo shingo yake haijapinda. Pasha freti moto taratibu kwa pasi ya kulehemu, zivute kwa koleo pole pole zisichane mbao, ziba mianya, piga msasa, paka epoksi, acha ikauke vizuri. Kisha jifungie chumbani uimbe kila noti kabla hujaipiga. Majirani watateseka, watazoea. Na wewe bwana mkusanyaji, gitaa lako ni zuri sana, linang'aa. Weka kamba mbele yake, weka na mlinzi, utuuzie tiketi tuje kulitazama. Lakini usituambie ni la muziki.