Jina Kwanza, Maana Baadaye: Vilima Vidogo katika Somo la Mazingira

Mwalimu wa shule ya msingi afundishaye jiografia katika Arusha hakosi kuutaja Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, wala hakosi kuutaja Kilimanjaro. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia akitaja jina la kilima ambacho watoto wake hukiona kila asubuhi waingiapo darasani. Milima mikubwa ina vitabu vyake. Vilima vidogo vina wazee tu. Kwa sababu hiyo twaona kwamba kazi ya kukusanya majina ya vilima yafaa iwe sehemu ya mafunzo ya mazingira, na kwamba mwalimu aifanyaye hana budi kushika kanuni moja: jina liandikwe kwanza, maana iulizwe baadaye.

Tuitazame Njiro, kusini-mashariki ya katikati ya jiji la Arusha. Nchi hii yote imeumbwa na volkano, nayo imejaa vilima vya kila kimo. Waarusha, ambao lugha yao ni tawi la Kimaasai, na Wameru, ambao lugha yao ya Kibantu ina udugu na Kichaga, waliishi na kulima chini ya mlima huu kabla ya mji kuwapo. Leo mashamba mengi yamegeuka viwanja, na wakazi wametoka kila mkoa. Mtoto aliyezaliwa hapa huenda akakiita kilima kwa mnara wa simu uliosimikwa juu yake, au kwa machimbo ya moramu yaliyo ubavuni mwake. Hakosei, kwani hayo nayo ni majina. Lakini jina la kwanza, lisipoandikwa, hutoweka pamoja na mzee wa mwisho alijuaye.

Haja hii imeongezeka tangu mwaka 2022, Serikali ilipoendesha nchini kote kazi ya anwani za makazi, ambapo barabara zilipewa majina na nyumba zikapewa namba. Jina likishabandikwa juu ya nguzo huwa gumu kubadilika. Kamati ya mtaa itafutapo majina huandika yale yanayojulikana kwa watu. Na yatakayojulikana kesho ni yale ambayo watoto wa leo wanayafahamu.

Kwa nini basi tuitangulize kazi ya kuandika na kuiahirisha maana? Mfano ulio bora uko karibu nasi. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848. Mwenzake Ludwig Krapf, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alitoa tafsiri mbili za jina hilo: mlima wa ukuu, na mlima wa misafara. Tangu hapo tafsiri zimezidi kuongezeka, na wataalamu hawajakubaliana hata leo. Tena, kila mwanafunzi wa Kiswahili huweza kuuliza: mlima ulio mrefu kuliko yote ya Afrika umeitwaje kilima? Swali ni jema, na linatufundisha kwamba wingi wa maana si wingi wa ujuzi. Jina ni ushahidi. Maana ni maelezo ya ushahidi huo. Mwalimu akivichanganya viwili hivi, watoto watakariri ngano wakidhani ni historia.

Kanuni yetu ina faida nyingine, nayo ni kuyalinda maumbo ya maneno. Kiswahili hutofautisha mlima na kilima kwa silabi ya mwanzo. Kimaasai nacho hufanya hivyo: *oldoinyo* ni mlima, na *endoinyo* ni kilima. Mwandishi aliye na haraka, akiandika *donyo* pekee, amefuta habari ya ukubwa ambayo wenyeji waliiweka ndani ya jina. Vivyo hivyo, *Oldoinyo Oibor*, jina la Kimaasai la Kilimanjaro, ni mlima mweupe, na *Oldoinyo Orok* ulioko Namanga ni mlima mweusi. Asiyezitambua sehemu za jina husema "Mlima Oldoinyo Lengai", yaani mlima mlima wa Mungu. Jambo hili si letu peke yetu. Kaskazini mwa Uingereza kuna kilima kiitwacho Pendle Hill: sehemu ya kwanza ya jina yatokana na lugha ya kale yenye udugu na lugha ya Wales, ya pili na Kiingereza cha zamani, ya tatu na Kiingereza cha leo, na zote tatu zataja kilima. Kila wageni walipofika waliongeza neno lao. Anayesema "Njiro Hill" katika Arusha ya leo anaifuata desturi hiyo hiyo.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Kwanza, watoto wakione kilima na kukichora, wakionyesha mto, njia na majengo yaliyo karibu. Pili, waende kwa wazee, wakiwa na adabu na salamu zipasazo, na waulize, "Kilima kile mwakiitaje?" Wasiulize, "Je, kile ndicho kilima fulani?" kwa kuwa mzee mwungwana huenda akakubali ili asimvunje moyo mtoto. Tatu, waandike jina kama lilivyotamkwa, pamoja na silabi zake za mwanzo, na kando yake waandike lugha ya msemaji, rika lake, na tarehe. Kama mwalimu ana simu yenye kunasa sauti, aombe ruhusa kwanza. Nne, walinganishe na ramani ya kipimo cha 1:50,000, ikiwa yapatikana. Mwisho kabisa ndipo waulize maana. Wakipewa maana mbili, waziandike zote mbili, wala mwalimu asijifanye hakimu.

Tahadhari moja ni ya lazima. Majina ya mahali yamefungamana na ardhi, na watu wa Meru walijua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi nafasi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Jina hilo ni la Kimaasai, lenye maana ya maji mekundu, lakini waliofukuzwa hapo walikuwa Wameru. Kwa hiyo mwalimu asikubali jina la kilima litumiwe darasani kuthibitisha kwamba mahali ni pa kabila hili wala lile. Jina hueleza nani alipaita. Halitoi hati ya kumiliki.

Wako watakaosema kwamba muhtasari umejaa, na kwamba mwalimu aliyetoka Lindi au Kigoma hakijui Kimaasai wala Kimeru. Kuhusu la kwanza, kazi hii haiongezi somo: kuchora ramani ni jiografia, kuhoji ni historia, na kuandika taarifa ni Kiswahili. Kuhusu la pili, ugeni wa mwalimu waweza kuwa msaada. Asiye na maana yake mwenyewe kichwani husikiliza vizuri zaidi, na mtoto ambaye bibi yake ndiye ajuaye jina huwa, kwa siku hiyo, mwalimu wa darasa zima.

Ndugu wanachuo, mtakapopangiwa shule, fungueni daftari moja la majina ya mahali, na mliache shuleni mwondokapo. Atakayewafuata ataongeza yake. Hata kilima kikichimbwa chote, shule itakuwa na kumbukumbu ya jina lake na ya watu waliolitaja.