Wake wa wanachama na historia isiyowaandika

Wadau, ukisoma historia ya klabu za huduma kama Rotary utadhani zilijengwa na wanaume peke yao. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905, ikafika Nairobi 1930 na Dar es Salaam 1949. Majina ya marais yamepangwa mwaka kwa mwaka. Sasa jiulize, nani alikuwa anapika, anashona na kutembelea wagonjwa? Wake zao, ambao wakikumbukwa sana wanashukuriwa kwa mkupuo kama "kina mama".

Mimi nasema huko si kusahau. Ni utaratibu.

Mchukulie Margarette Golding, nesi na mfanyabiashara. Novemba 1923 aliwakusanya wake 27 wa wanachama wa Rotary mjini Manchester, wakakutana kwenye chumba cha hamamu ya Kituruki. Januari 1924 wakazaa Inner Wheel, ambayo leo iko katika nchi zaidi ya 100. Pamoja na yote hayo, zipo kumbukumbu zinazomwita Bibi Oliver Golding. Oliver ni mumewe!

Rotary yenyewe je? Klabu ya Duarte, California, ilipokea wanawake mwaka 1977, mwaka uliofuata ikafukuzwa. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, wanawake wakashinda 1987, na Rotary ikafungua milango dunia nzima 1989. Yaani kwa miaka 65 tangu Inner Wheel izaliwe, mke alikuwa anaruhusiwa kuchangisha fedha ila haruhusiwi kupiga kura. Rais wa kwanza mwanamke, Jennifer Jones, aliingia 2022.

Hata kwetu Tanganyika, Baraza la Wanawake la mwaka 1951 lilianzishwa na mke wa Gavana Twining. Alikuwa daktari, ila historia inamjua kama Lady Twining. Mlinganishe na Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa TANU kuanzia 1955. Huyo hatumkumbuki kama mke wa fulani. Alikuwa na cheo chake na jukwaa lake, ndiyo maana jina limebaki.

Najua mdau wa Mbebe, kule Ileje, atauliza Rotary inamhusu nini. Inamhusu sana. Angalia kikundi chochote cha kuzikana au harambee ya zahanati, iwe Mbebe au Tunduma mjini. Mwenyekiti mwanaume, katibu mwanaume, na risiti ya mchango inaandikwa jina la baba. Mama aliyebeba maji na kulisha mafundi yuko wapi kwenye daftari? Miaka 30 ijayo mwanafunzi atalifungua daftari hilo na kuamini zahanati ilijengwa na wanaume.

Wapo watakaosema kina mama walijitolea kwa moyo, hawakutaka sifa. Sawa. Lakini na waume nao walijitolea, mbona wao wameandikwa? Kujitolea si ruhusa ya kufutwa.

Kwa hiyo wewe msomi mwenye kikundi chako mjini, wewe katibu wa saccos, anza leo. Andika jina lake kamili, si mama fulani wala mke wa fulani. Andika alichofanya. Halafu mpe kura. Na kama bibi yako bado yupo, muulize alifanya nini kwenye vikundi vya enzi zake, kabla hajaondoka nayo.

Mnasemaje wadau?