Leseni ya Aliyekatwa Mguu: Tupime Uwezo, Tusipime Pengo

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika misikiti yetu ya Tanga, na ya Muheza na Pangani vilevile, hatukosi kuwaona ndugu wanaoswali juu ya viti kwa kuwa mguu mmoja umekatwa. Miongoni mwao wamo waliokuwa madereva: wa malori ya Horohoro, wa mabasi ya Dar es Salaam, wa teksi za hapa mjini. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini mwetu wanao. Sukari huanza kwa kuutia mguu ganzi, kisha kidonda kidogo cha kiatu kisichosikika kikaoza, na mwisho wake ukawa msumeno wa daktari.

Sisi tunaofundisha madrasani hupata habari ya msiba huu kupitia watoto. Aliyekuwa akija na daftari na kalamu huanza kuja mikono mitupu, kisha hukosekana kabisa, na ukiulizia unaambiwa baba yake haendeshi tena. Kwa hiyo swali la leseni ya mtu huyu ni swali la riziki ya nyumba nzima, na linastahiki jibu la haki.

Majibu mawili tunayasikia, na yote mawili tunayaona kuwa ni ya makosa.

Jibu la kwanza ni la jamaa na majirani: "Hiyo ndiyo kadari, kaa nyumbani ule sadaka." Hakika tunaiamini kadari, lakini kuiamini kadari si kumzika mtu naye yu hai. Urwa bin Zubeir, mmoja wa mafaqihi saba wa Madina, alipatwa na maradhi ya kuoza mguu alipokuwa safarini kumwendea Khalifa Walid bin Abdulmalik huko Sham, nao ukakatwa. Elimu yake haikukatwa pamoja nao. Watu waliendelea kuichukua kwake. Naye sahaba Arfaja bin As'ad alipoteza pua katika vita vya zama za Jahiliya, akaweka pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alimwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini haja ya mja kurejeshewa kilichopotea mwilini ikafungua mlango. Basi vipi sisi tuufunge mlango ambao Sheria haikuufunga?

Tena tuutazame usukani wenyewe. Katika gari la otomatiki hakuna klachi, na mguu wa kushoto hauna kazi yoyote. Aliyekatwa mguu huo amebaki na mguu wa kulia kwa breki na mafuta kama dereva mwingine. Aliyekatwa wa kulia anaweza kufungiwa pedeli ya mafuta upande wa kushoto wa breki, au mpini wa mkono unaosukumwa kwa breki na kuvutwa kwa mafuta. Aliyepoteza mkono hufungiwa kifundo cha kushika juu ya usukani. Vifaa hivi vimetumika duniani kwa miongo mingi.

Jibu la pili ni la baadhi ya wagonjwa wenyewe, nalo ni la hatari zaidi. Mtu hutoka hospitali, leseni yake ya zamani bado ina muda, akapanda gari kimya kimya na kuomba asisimamishwe na trafiki. Huyu anadhani kinachotakiwa kufichwa ni mguu. Tunamwambia: ndugu yetu, mguu uliokatwa kila mtu anauona, na gari hurekebishwa kwa ajili yake. Kinachoua barabarani ni kile kisichoonekana. Anayetumia insulini sukari yake ikishuka ghafla hutoka jasho, hutetemeka, akili humpotea, na huenda akazimia akiwa kwenye mteremko. Kisukari hicho hicho huharibu macho polepole, na huutia ganzi hata mguu uliobaki, mpaka dereva hajui kama amekanyaga breki au amekanyaga sakafu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na miguu yote miwili na asifae kuendesha, na mwingine akawa na mmoja naye akafaa. Anayelificha hili anachezea roho za waja wa Allah, na Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuru na kudhuriana.

Wenzetu wa Uingereza wameliwekea jambo hili utaratibu. Dereva aliyekatwa kiungo, au anayetumia insulini, analazimika kuiarifu idara ya leseni. Wa insulini hupima sukari ndani ya saa 2 kabla ya kuondoka na kila baada ya saa 2 njiani. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita hula kwanza, ikiwa chini ya 4 haendeshi, na baada ya kurudi sawa husubiri dakika 45. Masharti ya malori na mabasi ni makali zaidi kuliko ya gari dogo la nyumbani. Na tangu sheria yao ya barabara ya mwaka 1930, mwenye ulemavu alipewa haki ya kudai ajaribiwe badala ya kukataliwa kwa kutazamwa tu.

Msingi huo wa kujaribiwa ndio tunaoutaka hapa kwetu. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unazitaka nchi kumrahisishia mtu huyu kwenda atakako kwa kujitegemea, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu inayokataza ubaguzi. Kwa hiyo tunasema yafuatayo:

Kwanza, mgonjwa asirudi kwenye usukani mpaka daktari ampime macho, sukari na mguu uliobaki, naye aseme kweli yote.

Pili, askari mwenye kujaribu madereva amjaribu ndani ya gari linalomfaa. Akifaulu apewe leseni yenye sharti la gari hilo. Akishindwa aelezwe sababu.

Tatu, wenye magari wasimfukuze dereva wao mzoefu kabla ya kuuliza kama ipo kazi anayoiweza.

Nne, na hili ni letu wana misikiti: mguu wa bandia, safari ya kuufuata Moshi katika hospitali ya KCMC, na pedeli ya kufungwa upande wa pili, vyote vinataka fedha. Imam Nawawi ameeleza katika al-Majmuu kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za kazi yake. Kwa dereva, zana ni hizo. Kumpa kilo mbili za mchele kila Ijumaa ni wema, lakini kumrudisha kwenye kazi yake ni wema unaowalisha watoto wake mwaka mzima, na mwakani huenda yeye akawa mtoaji.

Ama yule ambaye vipimo vitaonyesha kwamba hafai, naye asubiri na aikubali hukumu hiyo, na sisi tusimwache peke yake. Atafutiwe biashara au kazi nyingine ya heshima. Hatutaki kila aliyekatwa mguu aendeshe. Tunataka asihukumiwe kabla ya kupimwa, wala asijihukumie mwenyewe kwa kujificha.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na azilinde barabara zetu. Wabillahi tawfiq.