Mbwa Alishwe, Asitupiwe

Katika maboma mengi ya Meru na Embu, mbwa halishwi; hutupiwa. Kitenzi hicho chafichua mtazamo wetu. Hulinda ng'ombe usiku kucha, lakini maziwa yake hayaonji. Kuna watakaouliza: je, watoto wameshiba? Naam, watoto watangulie. Hata hivyo, vijiko viwili vya mala ya nyumbani, isiyotiwa sukari, vikichanganywa na ugali si anasa. Bakteria wanaogandisha maziwa hugeuza sehemu ya sukari yake kuwa asidi. Ndiyo sababu mala haimharishi mbwa kwa wepesi kama maziwa mabichi. Haichukui nafasi ya nyama wala ya chanjo ya kichaa. Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kulisha, si kutupia.